Hofu, Kitisho na Ugaidi: Uhakiki wa Neno Moja la Kiingereza na Tafsiri Zake

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtaabisha mfasiri wa Kiswahili, neno "terror" lastahili kutajwa mapema. Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa na maneno ya hofu, kinayo tele. Wala si kwamba dhana yenyewe ni ngeni, kwani hakuna jamii isiyojua kuogopa. Taabu yatokana na jambo jingine. Neno hilo moja limebeba maana tatu ambazo Kiingereza huziacha zikae pamoja bila kuulizana, ilhali sarufi ya Kiswahili haiziruhusu kukaa hivyo. Kila mfasiri akutanapo nalo hulazimika kuchagua maana moja na kuziacha mbili. Uchaguzi huo aghalabu hufanywa kwa haraka, na matokeo yake hayaishii katika sarufi. Yanagusa uhakiki wa tanzia, uandishi wa historia, na hukumu inayotolewa juu ya watu.

Makala haya yanakusudia kuzichambua maana hizo tatu, kuzilinganisha na akiba ya msamiati uliomo katika Kiswahili, na kisha kuonyesha kwamba tafsiri ya "ugaidi", ambayo leo imekwisha kukubalika katika sheria na katika vyombo vya habari, imelibana neno la Kiingereza katika pembe moja tu ya maana yake. Pembe iliyoachwa nje ndiyo ile ambayo neno "terrorist" lilizaliwa kuitaja.

Maana tatu

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "terrere", yaani kutisha. Yafaa izingatiwe tangu mwanzo kwamba kitenzi hicho ni cha yule atishaye, si cha yule aogopaye. Jina lililotokana nacho lilitumika kwa pande zote mbili, na hali hiyo ya kuwili ikapitia Kifaransa hadi Kiingereza.

Maana ya kwanza ni hisia: hofu iliyopita kiasi, kama ya mtu aliyeamshwa usiku na moto juu ya dari. Maana ya pili ni kitu au kiumbe kinachoitia hisia hiyo. Simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898 huweza kuitwa kwa Kiingereza "terror" ya wajenzi hao, na hapo hasemwi aogopaye bali aogopwaye. Maana ya tatu ni utaratibu: hofu inayopandwa kwa makusudi katika mioyo ya watu wengi ili watii, wanyamaze au wahame.

Mwandishi wa Kiingereza aweza kuandika kwamba "terror" ilitanda mjini, akaishia hapo. Hajasema kama watu waliogopa tu, au palikuwa na jambo la kuogofya, au palikuwa na mtu aliyekusudia kuwaogofya. Msomaji hubakia kukisia. Kiswahili hakimpi mwandishi wake nafasi hiyo. Kuogopa kuna mtendaji wake, na kutisha kuna wake. Upande wa kwanza una maneno kama hofu na woga. Upande wa pili una kitisho, tisho, ogofyo. Hofu yaweza kumwingia mtu bila kuingizwa na yeyote. Kitisho hakikosi chanzo. Asemapo mtu kwamba kijiji kilikuwa na hofu, amesimulia hali. Asemapo kwamba kijiji kilitishwa, swali la nani aliyekitisha limekwisha kuulizwa, hata kama halijajibiwa. Fauka ya hayo, lugha hutenga kutisha na kutishia: atishiaye ametoa ahadi ya madhara, na atishaye amekwisha kuifikisha hofu moyoni. Utengano huu ni mali ya lugha, na mfasiri hana sababu ya kuona haya mbele ya Kiingereza.

Akiba ya Kiswahili

Kamusi nyingi za lugha mbili huondokea kwa njia ya mkato: "hofu kuu", "hofu kubwa", "woga mwingi". Njia hii yaichukulia "terror" kuwa ni hofu ya kawaida iliyozidishwa, kama sukari iliyoongezwa katika chai. Lakini maneno ya Kiswahili hayapishani kwa vipimo. Yanapishana kwa namna.

Hofu, lenye asili ya Kiarabu, ni pana mno. Mtu huwa na hofu ya mvua, ya mtihani na ya mauti. Woga una doa la kimaadili: mwoga ni asiye jasiri, na methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio ina kejeli ndani yake, hata ikiwa na busara. Kiwewe ni hofu ya ghafla iondoayo akili, mtu asijue aendako. Kihoro ni mshtuko ambamo hofu na huzuni zimechanganyika. Kicho, kutokana na kitenzi cha kale -cha kilichosalia katika "mcha Mungu" na "uchaji", ni hofu iliyojaa heshima, ambayo mwenyewe hataki kuondokana nayo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi uchaguzi unavyobadili maana. Katika Zaburi ya 91, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia neno "terror" kwa jambo lijalo usiku, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 yatumia "hofu". Lakini katika mpangilio wa zaburi yenyewe jambo hilo limewekwa sambamba na mshale na tauni, yaani vitu vinavyomjia mtu kutoka nje yake. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya tafsiri zote mbili nalo hubeba hisia na chanzo cha hisia. Kwa kuandika "hofu" mfasiri amemfanya mwaminifu aahidiwe kwamba hataiogopa hofu yake mwenyewe. Kitisho kingalikuwa karibu zaidi na mshale.

Katika uhakiki wa fasihi

Wahakiki wa tanzia wamerithi suala hili kutoka kwa Aristotle, aliyesema katika kitabu chake cha ushairi kwamba tanzia huamsha hisia mbili, "eleos" na "phobos". Wafasiri wa Kiingereza wamegawanyika kuhusu hisia ya pili: wengine huandika "fear", wengine "terror". Wahakiki wa Kiswahili, wakipitia Kiingereza, huandika mara "huruma na woga", mara "huruma na hofu", kana kwamba maneno hayo mawili ni mapacha.

Si mapacha. Aandikaye "woga" amewaweka watazamaji katika kundi la waoga, jambo ambalo Aristotle hakulidai. Chukuliwe mfano wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusimamia vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mtazamaji ajuaye historia huwaona watu wakiyaamini maji, naye anajua risasi za Wajerumani zitafanya nini. Anachohisi si woga, kwa maana hana cha kukimbia. Wala si hofu tupu. Anawahofia. Kauli ya kutendea, kuhofia, inaonyesha hofu inayomwelekea mwingine, na ndani yake huruma imekwisha kuingia. Hapa Kiswahili kinaifikia "phobos" ya tanzia kwa usahihi ambao "terror" ya Kiingereza haina, na inasikitisha kwamba wahakiki wameupita mlango huu uliokuwa wazi wakaenda kubisha kwingine.

Waingereza wenyewe walilishughulikia neno hili katika falsafa ya sanaa. Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757 juu ya utukufu na uzuri, alishikilia kwamba "terror" ndiyo chemchemi ya hisia ya utukufu, mradi hatari iwe mbali kiasi cha kutomdhuru mtazamaji. Ann Radcliffe, mtunzi wa riwaya za kutisha, katika insha iliyotolewa mwaka 1826 baada ya kifo chake, aliitenga "terror" na "horror": ya kwanza huipanua nafsi na kuziamsha fahamu, ya pili huinywesha na kuigandisha. Mfasiri aandikaye "hofu kuu" kwa yote mawili ameufuta mjadala mzima. Kwa dhana ya Burke, kicho ndilo neno lililo karibu zaidi. Kwa dhana ya pili ya Radcliffe, Kiswahili husema kwa mwili: damu kuganda, mwili kufa ganzi, nywele kusimama. Misemo hii si mapambo. Ni istilahi zilizo tayari kutumiwa.

Ni kweli pia kwamba maneno ya hofu huchakaa. "Terrific" ya Kiingereza, iliyokuwa na maana ya kuogofya, leo ni neno la sifa, na "terrible" laweza kuelezea chai isiyo na ladha. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo. Haiba, ambayo katika Kiarabu ina maana ya kicho kimwingiacho mtu mbele ya mkubwa, katika Kiswahili imekuwa mvuto na uzuri wa tabia. Vijana nao humsifu mwimbaji kwa kumwambia "umetisha". Basi kuchakaa kwa neno si dalili ya ufisadi wa lugha. Lakini neno likichakaa upande mmoja na kunolewa upande mwingine, kama ilivyotokea katika siasa, mhakiki ana wajibu wa kuuliza nani aliyelinoa.

Neno lililozaliwa serikalini

Maana ya tatu, ile ya utaratibu, ilipata jina lake la kihistoria huko Paris. Kuanzia Septemba 1793 hadi Julai 1794, serikali ya mapinduzi ya Ufaransa iliwatawala watu kwa sheria dhidi ya washukiwa, kwa mahakama za haraka na kwa mashine ya kukatia vichwa. Watu wapatao 17,000 walihukumiwa na kuuawa. Watawala hawakulionea haya jina la "la Terreur". Robespierre, katika hotuba yake ya Februari 1794, alilitetea kuwa mwenzi wa uadilifu wakati wa mapinduzi. Alipoangushwa na kuuawa Julai 1794, wapinzani wake walihitaji jina la kuwaita watu wa utawala uliopita, na hapo likaja "terroriste". Kufikia mwaka 1795 waandishi wa Kiingereza walikuwa wamelichukua, miongoni mwao Burke yuleyule aliyekuwa ameisifu "terror" ya mbali katika sanaa. Sasa ilikuwa imekaribia.

Kwa hiyo "terrorist" wa kwanza hakuwa mtu wa msituni. Alikuwa mtu wa ofisini, mwenye muhuri, orodha na karani.

Neno lilibadili makao kadiri karne zilivyopita, na katika makoloni ya Uingereza likahamia msituni kabisa. Huko Malaya, wapiganaji walioanza vita mwaka 1948 waliitwa kwanza "bandits", yaani wanyang'anyi. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliagiza neno hilo liachwe, na watu walewale waitwe "terrorists" wa kikomunisti. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya, na wapiganaji wa Mau Mau wakapewa jina hilohilo katika maandishi ya serikali.

Hapa ndipo tatizo la tafsiri linapojitokeza waziwazi. Gaidi, katika matumizi yake ya awali, ni mnyang'anyi mwenye silaha, ndugu yake jambazi na haramia. Ndilo neno lililoteuliwa baadaye kwa "terrorist". Mfasiri akitaka kuisimulia habari ya Malaya kwa Kiswahili kwa kufuata desturi hiyo, hujikuta akiandika kwamba Waingereza waliacha kuwaita maadui wao magaidi, wakaanza kuwaita magaidi. Tofauti ambayo serikali nzima iliiona ni kubwa kiasi cha kuitolea agizo, katika Kiswahili haipo.

Lililo zito zaidi ni mpangilio wa uundaji wa maneno. Katika Kiingereza, tendo ndilo lililotangulia na mtu akafuata: kutokana na "terror" akapatikana "terrorist". Katika Kiswahili, mtu ndiye aliyetangulia na tendo likafuata: kutokana na gaidi ukapatikana ugaidi, kwa kiambishi kilekile cha u- kinachotoa wizi kwa mwizi na ujambazi kwa jambazi. Maana yake ni kwamba, kabla tendo halijaitwa ugaidi, hapana budi mtendaji awe amekwisha kuitwa gaidi. Na kwa kuwa gaidi kwa asili yake ni mtu asiye na dola, tendo la dola hujikuta nje ya neno kabla ya kuchunguzwa.

Mfano wa Kenya

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji walizivamia nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali, wakawaua wanaume, wanawake na watoto, wengi wao kwa moto. Usiku uleule na siku zilizofuata, vikosi vya serikali na walinzi wa vijiji waliwaua watu wengine kwa kulipiza kisasi. Kumbukumbu rasmi ziliyapa mauaji ya kwanza jina la "terror". Ya pili yalikaa kimya. Kiswahili chenye neno "ugaidi" peke yake huurudia mgawanyo huo bila kujua. Kiswahili chenye neno "kitisho" huweza kuyataja yote mawili kwa kipimo kimoja: wote walitisha, wote waliua, na waliokufa walitishwa kabla ya kufa. Hapo hakuna aliyetakaswa. Aliyeko msituni hakusamehewa, na aliyeko ofisini hakusahauliwa.

Chini ya hali ya hatari, iliyodumu hadi Januari 1960, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, alitangazwa kuwa mkuu wa "terrorists". Lakini shtaka lililompeleka kitanzini lilihusu kupatikana na bastola na risasi. Jina lilifanya kazi yake hadharani. Mahakamani ilitosha silaha.

Waandishi wa Kiswahili hawakulipokea jina hilo. P. M. Kareithi aliiita riwaya yake ya mwaka 1969 Kaburi Bila Msalaba, na chini yake akaiita hadithi ya vita vya Mau Mau. Vita, si ugaidi. Tamthilia ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyotoka mwaka 1976 ilitaja katika jina lake kesi ya Kimathi. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1978 iliitwa Mzalendo Kimathi. Mfasiri aliondoa kesi akaweka hukumu, na hukumu hiyo ilikuwa kinyume cha ile ya mwaka 1956. Sheria ilichelewa kuifikia fasihi: marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, sanamu ya Kimathi ikasimamishwa Nairobi mwaka 2007, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wake wa kikoloni.

Nafasi ya "ugaidi"

Yamkini atatokea msomaji aseme kwamba matumizi yamekwisha kuamua, na kwamba neno likikubaliwa na umma halirudishwi na wanazuoni. Hoja hiyo ina uzito. Mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998 uliowaua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi, shambulio la Westgate la Septemba 2013, na mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, yamelipa neno ugaidi maana ambayo hakuna mwombolezaji anayehitaji kufafanuliwa. Sheria ya mwaka 2012 nayo inajulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kulibeza neno hilo kungekuwa ni kuwabeza waliofiwa. Na libaki.

Linalopingwa si neno, bali upweke wake. Marekani ilipotangaza mwaka 2001 vita dhidi ya "terror", watangazaji wa Kiswahili walisema "vita dhidi ya ugaidi". Walikuwa na haki, kwa sababu msikilizaji alihitaji kujua anayepigwa ni nani. Lakini tafsiri hiyo iliuficha utata wa asili: kwamba vita vilitangazwa dhidi ya hofu, na hofu haina mpaka wala siku ya kusalimu amri. Mhakiki wa Kiswahili angeweza kuuonyesha utata huo kwa urahisi kuliko wa Kiingereza, kwa kuuliza tu: ni vita dhidi ya hofu, dhidi ya vitisho, au dhidi ya watishaji? Swali hilo laulizika kwa Kiswahili kwa sababu lugha imeyatenga majibu.

Hitimisho

Yafuatayo yanapendekezwa kwa wafasiri na watunga kamusi. "Terror" iliyo hisia ifasiriwe kwa kufuata namna yake: hofu, kiwewe, kihoro au kicho, wala si kwa kuongeza "kuu" kila mara. Iliyo chanzo ifasiriwe kitisho. Iliyo utaratibu ifasiriwe utawala wa vitisho inapokuwa ya wenye dola, na ugaidi inapokuwa ya makundi, mradi kitisho libaki kuwa neno la juu linaloyakusanya yote mawili. Katika uhakiki wa tanzia, "woga" uachwe, na kuhofia kutazamwe upya.

Mapendekezo haya hayadai msamiati mpya. Kila neno lililotajwa limo vinywani mwa wasemaji. Linalodaiwa ni kwamba mfasiri asiache swali ambalo lugha yake hulielekea, yaani nani alimtisha nani, kwa sababu tu lugha anayoifasiri iliruhusiwa kulinyamazia.